Kigoda Chini ya Meza

Katika jengo la Wizara ya Mambo ya Nje walikuwamo watu waliojua mikataba kwa moyo, watu waliojua miji mikuu yote ya dunia, na watu waliojua kunyamaza kwa lugha nne. Aliyejua nani akae wapi alikuwa mmoja tu. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini na tisa, mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa uzi, na jina lake la kuzaliwa lilikuwa limebaki ndani ya jalada la wafanyakazi likilala usingizi wake. Wote, kuanzia wafagiaji hadi Waziri, walimwita Mama Viti.

Chumba chake cha kazi kilikuwa ghorofa ya chini, kati ya stoo ya bendera na bomba la wafagiaji. Ndani mlikuwa na meza, pasi, kabati la kadi za majina na rula ya mbao iliyoliwa kingo. Asubuhi alianza kwa kupiga bendera pasi. "Bendera yenye kunyanzi," alipenda kusema, "ni kama mgeni aliyelala na nguo zake za safari. Hata akisema kweli, nani atamwamini?" Kisha alipanda ukumbini na rula yake kupima nafasi kati ya kiti na kiti. Wajumbe wa kawaida aliwaachia sentimita sitini. Wasiosalimiana aliwapa themanini.

Alikuwa ameingia wizarani miaka ishirini na minane nyuma kama mpiga taipu, akapelekwa Kitengo cha Itifaki kwa wiki mbili kumshikia nafasi mtu aliyeumwa. Mtu yule alipona, akaoa, akahama mji. Wiki zile mbili hazijaisha mpaka leo. Humo ndani akajifunza sheria moja iliyobeba zote: kiti hakimjui mtu, kinajua cheo. Mtu anaweza kuwa tajiri, mrefu, mwenye sauti ya radi, lakini kama orodha haikumtaja, atakaa nyuma na radi yake.

Mumewe alikuwa seremala, na mtaani wote walimwita Fundi, hata mkewe. Karakana yake ilikuwa uani, nyuma ya nyumba yao ya vyumba vitatu. Wageni waliofika pale mara ya kwanza walishangaa.

"Mwenye nyumba anatengeneza viti," Fundi aliwaeleza, "mama mwenye nyumba anapanga viti, na ninyi mtakaa mkekani. Karibuni sana."

"Usiwadanganye watu," mkewe alimjibu kutoka jikoni. "Viti vilikuwapo sita. Umeviuza vyote, cha mwisho nikiwa nimekikalia."

Ni Fundi aliyemtengenezea chombo chake cha kazi alichokithamini kuliko vyote: ubao wa mstatili wenye matundu pande zote, na vijiti vya kuchomeka humo. Vijiti virefu vilikuwa viongozi wa ujumbe, vya kati wajumbe, vifupi washauri. Kabla ya mkutano wowote Mama Viti alikaa na ubao ule mapajani, akachomeka na kuchomoa, mdomo ukimcheza kama anayenong'ona na watoto.

Lakini katika droo yake, chini ya waya wa pasi wa akiba, alihifadhi kadi moja ya jina ambayo haikuwa na kazi tena. Ilikuwa kadi ya Bibi Balozi, mwanamke wa kwanza wa wizara ile kupewa ubalozi. Miaka kumi na tisa iliyopita Bibi Balozi aliteuliwa kuongoza mazungumzo fulani, na nusu saa kabla ya wageni kuingia likaja agizo la mdomo kutoka juu: kadi yake irudishwe safu ya nyuma, mbele akae mwanamume. Mama Viti wakati ule aliogopa kila agizo la juu. Akairudisha kadi kwa mikono yake mwenyewe. Bibi Balozi aliingia, akaangalia meza, akachukua mkoba wake na kwenda kukaa nyuma bila neno.

Wakati wa mapumziko alishuka hadi chumba cha bendera kuomba maji. Mama Viti alishindwa kumtazama usoni.

"Usijitese, mwanangu," Bibi Balozi alimwambia. "Hata wangeniacha pale, miguu yangu isingefika chini. Umewahi kukiangalia vizuri kiti kile? Kilipimwa kwa mapaja ya mwanamume mrefu. Ningening'inia kama mtoto anayengoja kunyolewa!" Akacheka mpaka machozi yakamtoka, na Mama Viti hakuweza kujua yalikuwa machozi ya aina gani. Mwaka uliofuata Bibi Balozi alistaafu. Kadi ikabaki.

Sasa tuje kwenye Jumatatu moja, miezi saba kabla ya Mama Viti naye kustaafu.

Kesho yake yalikuwa yaanze mazungumzo ya siku tatu na nchi jirani kuhusu daraja la mpakani. Ujumbe wetu ulikuwa uongozwe na Katibu Mkuu. Wa pili wake katika orodha alikuwa Mkurugenzi Msaidizi, mwanamke wa miaka arobaini hivi, ambaye miaka kumi na mitano nyuma aliletwa kwenye chumba cha bendera kama mwanafunzi wa mafunzo kazini. Huko alifundishwa kukunja bendera, kuandika kadi, na kutokula biskuti za wageni. Cheo kilipanda, lakini alipokuwa akishuka ghorofa ya chini alirudi kuwa mtoto wa mle ndani. Mama Viti alimwita Binti. Mbele ya watu alimwita Mheshimiwa, na wote wawili waliuma midomo wasicheke.

Rasimu ya mkataba wa daraja ilikuwa kazi ya Binti ya miaka miwili. Moyo wake ulikuwa kwenye kifungu cha sita. Alikwenda mpakani mwenyewe akasimama siku nzima na wanawake wanaovuka na mizigo kichwani, akaona wanavyosukumwa pamoja na malori katika njia moja, wanavyokaguliwa na wanaume mbele ya umati, na kwamba kutoka lango hadi lango hakuna choo hata kimoja. Kifungu cha sita kilitaka njia yao wenyewe, wakaguzi wanawake, vyoo, na banda la kujikinga na mvua. Upande wa pili ulikuwa umekwisha kuandika kwamba jambo hilo ni dogo, linaweza kungoja.

Saa sita mchana Katibu Mkuu alishikwa na tumbo. Saa saba alikuwa hospitali, daktari amesema ni kidole tumbo, na apasuliwe leo leo. Habari zilipofika ghorofa ya chini, Mama Viti alimwombea nafuu, kisha akachomoa kijiti kirefu kwenye ubao. Utaratibu ulikuwa wazi: anakaa anayefuata. Akachukua kadi safi, akaandika kwa kalamu yake ya wino jina la Binti, na chini yake: Kiongozi wa Ujumbe. Wino haujakauka, mlango ukafunguliwa.

Aliyeingia alikuwa Mkuu wa Itifaki, bosi wake, kijana wa miaka thelathini na minane mwenye tai iliyonyooka kuliko roho yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga tu, na cheo kilimpwaya kama koti la kurithi.

"Mama, mpango wa kesho umebadilika," alisema. "Mbele atakaa Brigedia."

Brigedia mstaafu alikuwa mshauri wa ujumbe, wa tano katika orodha, mzee mwenye masharubu meupe aliyependwa na wote.

"Brigedia ni mshauri, bosi."

"Ni mzee. Upande wa pili wote ni wazee. Nimepigiwa simu kutoka juu, wanasema tukimweka Dada Mkurugenzi mbele wataona tumewadharau. Brigedia akae, aongee. Dada awe nyuma yake, amnong'oneze. Siku ya tatu atatokea kusaini."

"Amnong'oneze!" Mama Viti alirudia. "Brigedia mwenyewe sikio la kulia halisikii."

"Basi akae kushoto."

Mama Viti aliitazama kadi mezani, na mkono wake ukawa baridi. Alijua baridi ile. Ilikuwa ile ile ya miaka kumi na tisa iliyopita. Angeweza kusema "sawa, bosi", kuandika kadi nyingine na kungoja miezi yake saba iishe kwa amani. Badala yake aliuchukua ubao, akausukuma mbele ya kijana.

"Mwanangu, mimi sibishani na wewe. Nisaidie tu kuchomeka." Akampa kijiti kifupi. "Huyu ni Brigedia. Mweke mahali pa kiongozi."

Mkuu wa Itifaki akachomeka.

"Hati ya mamlaka aliyosaini Waziri inataja wangapi wa kufunga mkataba?"

"Wawili. Katibu Mkuu, na akikosekana, Mkurugenzi Msaidizi."

"Brigedia yumo?"

"Hayumo."

"Haya. Sasa wewe ndiye upande wa pili. Unaingia, unakuta mbele yako mshauri asiyeweza kufunga hata mlango. Kiongozi wako utamwacha akae naye uso kwa uso?"

Polepole kijana akachomoa kijiti kirefu cha upande wa pili, akachomeka kifupi.

"Umeona?" Mama Viti alisema. "Wao pia watatoa mshauri. Wazee wawili watakunywa chai siku tatu, watakumbushana vita vya ujana, na hakuna kitakachosainiwa. Halafu Waziri atauliza nani alipanga viti."

Bosi aliutazama ubao kama mtu aliyepewa majibu ya vipimo. "Lakini simu ya juu..."

"Simu haina saini. Mpango wa ukaaji unayo."

"Ndiyo hiyo sasa!" Akarudi nyuma hatua moja. "Mimi sisaini, Mama. Nina watoto wadogo. Ukiona ni sawa, saini mwenyewe kwa niaba. Likiharibika, mimi sikuwapo."

Miaka ishirini na minane Mama Viti aliandika mipango ya ukaaji, na hakuna hata mmoja uliowahi kuwa na saini yake. Alivaa miwani, akavuta karatasi, akasaini. Saini ilitoka kubwa kidogo kuliko alivyokusudia.

Mpango ulitakiwa ufike upande wa pili kabla ya saa kumi na moja jioni. Ukishapokelewa na pande zote, hakuna wa kuugusa peke yake. Saa tisa na nusu simu yake iliita. Alikuwa mwenzake wa upande wa pili, karani mzee wa itifaki ambaye Mama Viti alifahamiana naye kwa simu na kwa mikutano miaka mingi. Alimpa jina la Bwana Bendera kwa sababu hakuwahi kupita mlingoti bila kuukagua.

"Shemeji, hujambo? Nimepata karatasi yako. Naona kiongozi ni mwanamke."

"Naona na wewe umevaa miwani leo. Kuna tatizo?"

"Kwangu? Hati ya mamlaka inamtaja, kiti ni chake. Nimeshagonga muhuri." Akakohoa. "Ila nimeona saini ngeni."

"Si ngeni. Ilikuwa inakaa nyuma ya saini za wengine."

Bwana Bendera alicheka mpaka akakohoa tena, akaaga.

Haujapita muda Binti akaingia, amebeba viatu mkononi kama siku zake za mafunzo. Alikuwa amesikia yote. Katika jengo lile kuta zilikuwa na masikio na makarani walikuwa na midomo.

"Mama, ungewaacha tu. Usijitie matatani kwa ajili yangu. Kifungu cha sita nitakipigania hata nikiwa nyuma."

"Kutoka nyuma utapigania mgongo wa Brigedia. Njoo ukae hapa." Mama Viti alivuta kiti, akamkalisha, akapiga magoti na kumwekea rula kwenye mguu, kutoka nyayo hadi nyuma ya goti. Akaandika namba.

"Unanishonea gauni la harusi?"

"Ulishaolewa, mwanangu, hiyo imepita. Vaa viatu vyako vya kesho, nipime tena."

Alipanda ukumbini na rula ile ile, akapima kiti cha kiongozi: mbao nzito, mgongo mrefu, mto wa ngozi. Bibi Balozi hakuwa amesema uongo. Kutoka kwenye mto hadi sakafuni palizidi miguu ya Binti kwa sentimita kumi na moja. Mtu aliyekaa pale miguu ikining'inia atasogea mbele ya kiti ili afikie sakafu. Akisogea mbele mgongo utakosa pa kuegemea. Saa ya pili atachoka, na aliyechoka hukubali mambo kungoja. Viti vingine havikuweza kuletwa, kwa kuwa viongozi wawili sharti wakae kwenye viti pacha. Lakini utaratibu haukusema chochote kuhusu kilicho chini ya kitambaa cha meza.

Siku hiyo aliondoka kazini mapema. Fundi alikuwa karakanani, vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Acha kabati la watu," alimwambia. "Nataka kigoda. Juu sentimita kumi na moja, upana wa nyayo mbili. Kesho asubuhi nakibeba."

"Cha nani?"

"Cha Binti. Anakaa kwenye kiti kile."

Fundi aliweka randa chini. Kadi iliyokuwa katika droo aliijua. Mkewe alimsimulia habari ile jioni ile ile ilipotokea, na usiku wake mke hakulala. Hakuuliza zaidi. Alichagua kipande cha mninga alichokuwa akikificha kwa ajili ya kitu ambacho hata yeye hakukijua, akapima, akakata, akapiga msasa. Jua lilipokuwa linashuka kigoda kilisimama juu ya benchi. Akakisukuma kwa kidole, kikatikisika kwa unywele.

"Kinacheza," alisema kwa uchungu.

"Hakionekani, Fundi."

"Aliyekanyaga ataona. Mtu hawezi kubishana na mataifa juu ya kitu kinachocheza." Akakigeuza, akapunguza mguu mmoja, akasukuma tena, akapunguza tena. Mara ya nne akaridhika.

Asubuhi Mama Viti alifika kabla ya wafagiaji. Aliweka kigoda chini ya meza, akashusha kitambaa, akasimama mahali pake pa miaka yote, kando ya mlango, kwa ndani. Kawaida yake ilikuwa kusubiri mpaka wote wakae, kisha kutoka na kufunga.

Upande wa pili uliingia. Kiongozi wao, mzee mrefu mwenye fimbo, alitupa macho ukumbini, akamwona Brigedia na masharubu yake, akamwendea moja kwa moja amenyoosha mkono. Mkuu wa Itifaki alifumba macho. Binti alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka hapo, na mkono wake ulikuwa umeanza kunyooka, ukakosa pa kwenda.

Brigedia aliweka mikono yake nyuma kama yuko gwarideni.

"Mheshimiwa," alisema kwa sauti ya mtu mwenye sikio moja, "mimi nimekuja kusikiliza, na hata hilo nalifanya kwa shida. Kiongozi wetu ni huyu hapa." Akamvutia Binti kile kiti.

Mzee mwenye fimbo aliduwaa kidogo, akacheka, akampa Binti mkono. Wote wakakaa.

Kutoka mlangoni, kwa pembeni, Mama Viti aliweza kuona chini ya pindo la kitambaa. Aliona viatu vyeusi vya Binti vikielea, vikitafuta. Ncha ya kiatu kimoja iligusa mninga, ikarudi kama imeungua, ikagusa tena. Kisha nyayo zote mbili zikatua. Binti aliegemea mgongo wa kiti mpaka mwisho, akainua kichwa na kutazama mlangoni. Hakutabasamu, maana wageni walikuwa wanamwangalia, lakini Mama Viti aliona ameuma mdomo.

"Tumepitia rasimu," mzee mwenye fimbo alianza. "Tungependekeza kifungu cha sita, kwa kuwa ni kidogo, tukiweke mwisho."

"Mheshimiwa," Binti alijibu, "kama ni kidogo, basi tukimalize kwanza. Hakitatuchukulia muda."

Kando ya meza Bwana Bendera aliinamia makaratasi yake kuficha kicheko. Mama Viti alifunga mlango taratibu.

Kifungu hakikuwa kidogo. Kilichukua siku ya kwanza yote na asubuhi ya pili. Njia ya waenda kwa miguu ilipita, wakaguzi wanawake wakapita, vyoo vikapita baada ya Brigedia kuuliza kwa sauti kubwa kama upande wa pili hawaendi msalani. Banda la mvua lilikataliwa. Likapelekwa kwenye kamati, na hadi naandika haya kamati haijakaa. Siku ya tatu Binti alisaini, nyayo zake zikiwa mahali pake. Mkuu wa Itifaki alishuka ghorofa ya chini kusema kwamba Waziri ameusifu sana mpango wa ukaaji.

"Ulimwambia nani alisaini?" Mama Viti aliuliza.

Kijana alijikuna shingo. "Nilimwambia. Kwanza nilitaka kunyamaza, lakini nikamwambia."

"Haya, mwanangu. Biskuti za wageni zimebaki. Kula mbili."

Jioni ile Mama Viti alirudi nyumbani akiwa na kadi mbili kwenye mkoba: ya Bibi Balozi na ya Binti. Alikuwa amekusudia kumpelekea Bibi Balozi zote mbili Jumapili, kwa mguu wake, na kumsimulia habari ya kigoda, ili wacheke tena na safari hii wajue wanacheka nini. Fundi alikuwa amekaa mkekani akimngoja, chai imefunikwa. Hakuuliza habari za mkataba, wala za daraja, wala za Waziri.

"Kilicheza?" aliuliza.

Mama Viti alivua viatu, akakaa karibu naye, akanyoosha miguu yake mifupi.

"Siku tatu, Fundi," alisema. "Hakikucheza hata kidogo."